Uzito wa Seva: Kugawa Kompyuta 300 kwa Vidhibiti vya Kikoa Vitatu

Katika ofisi yenye kompyuta za Windows na vidhibiti vya kikoa zaidi ya kimoja, yaani seva zinazothibitisha watumiaji na kompyuta za mtandao wa ofisi, kila kompyuta inapowashwa asubuhi hulazimika kujitafutia seva ya kuithibitisha. Hakuna kifaa kilichokaa katikati kikielekeza hii iende huku na ile kule. Kompyuta yenyewe huchagua, kwa kusoma rekodi za SRV, zinazoonyesha ni seva zipi zinatoa huduma fulani, zilizomo kwenye DNS, mfumo wa majina ya mtandao, na kwa hiyo msimamizi anayetaka kugawa mzigo hana budi kuzielewa vizuri namba mbili za rekodi hizo, yaani kipaumbele na uzito, ambazo kanuni zake zimewekwa katika RFC 2782, waraka wa viwango vya intaneti wa Februari 2000.

Kipaumbele huangaliwa kwanza, na namba ndogo ndiyo inayotangulia. Seva yenye kipaumbele 10 haitafutwi maadamu ipo yenye 0 inayojibu. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu nililikosea nilipokuwa nikihudumia chuo kimoja: nilitaka seva mpya, yenye nguvu kuliko zote, ibebe sehemu kubwa ya kazi, nikaipa kipaumbele 10 na zile mbili za zamani nikaziacha na 0. Kwa siku kadhaa seva ile ilikaa bure huku za zamani zikielemewa, na walimu wakisubiri mbele ya skrini kila asubuhi. Namba niliyopaswa kuigusa ilikuwa uzito.

Uzito hutumika kati ya seva zenye kipaumbele sawa. Windows huipa kila seva kipaumbele 0 na uzito 100, na msimamizi anaweza kubadilisha uzito kupitia thamani ya LdapSrvWeight kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) ya seva husika, kisha akaianzisha upya Netlogon, huduma inayoziandika rekodi hizo kwenye DNS, ili ziandikwe tena. Tuseme seva A na B zina 100 kila moja, na C ina 50. Kompyuta hujumlisha uzito kwa mfuatano: A inafika 100, B inafika 200, C inafika 250. Kisha huchukua namba yoyote kwa bahati nasibu kati ya 0 na 250, na seva ya kwanza ambayo jumla yake imefikia au kupita namba hiyo ndiyo huulizwa kwanza. Ikitoka 173, ni B. Ikitoka 231, ni C. Seva iliyoulizwa isipojibu upesi, huulizwa nyingine. Kwa kompyuta 300 tutegemee takriban 120 kwa A, 120 kwa B na 60 kwa C.

C nimeipunguzia makusudi, kwa kuwa ndiyo yenye jukumu la PDC, yaani kidhibiti kikuu cha kikoa: hupelekewa mabadiliko ya nywila yaliyofanyika kwenye seva nyingine, huulizwa tena nywila inapokataliwa kwingine, na ndiyo chanzo cha saa ya kikoa. Seva yenye kazi hizo haifai kubeba wageni sawa na wenzake.

Ikumbukwe kwamba uzito ni uwiano tu, wala si kikomo. 2, 2 na 1 hugawa sawasawa na 100, 100 na 50. Tena kompyuta ikishapata seva huendelea nayo kwa muda, kwa hiyo badiliko la leo halitaonekana papo hapo.

Jambo ambalo wengi hawalipigii hesabu ni siku seva moja inapozimika. A ikianguka, jumla inabaki 150, na C, iliyokuwa na kompyuta 60, hupata theluthi moja, yaani 100, wakati huohuo ikiendelea na majukumu yake yote ya PDC. Kwa hiyo mimi huanzia kwenye siku hiyo mbaya. Nikiipa C uzito wa 25, siku ya kawaida itapata kompyuta kama 33, na A ikianguka itapata 60, kiasi ambacho nimeshaiona ikikibeba bila shida. B italazimika kuchukua 240, na hiyo ndiyo seva ninayoipima kwanza kabla ya kuandika 25.