"Fundi, Google imeshasema ni ya Tingatinga"

Mteja anaingia dukani kwangu hapa Bagamoyo, picha imefungwa kwenye khanga, simu imeshawashwa. Salamu haijaisha: "Fundi, nataka fremu ya maana. Nimetafuta kwa picha, Google imesema ni ya Tingatinga mwenyewe." Nafungua khanga. Turubai. Twiga sita, Kilimanjaro nyuma yao, jua linazama. Mimi hoi.

Google haijasema kitu. Ukiipa picha, programu inayageuza maumbo, rangi na mpangilio wake kuwa tarakimu, kisha inachungulia kwenye hazina yake ione ni picha zipi zina tarakimu zinazokaribiana na hizo. Nani alishika brashi, haijui. Jina unalolisoma chini ya tokeo liliandikwa na binadamu: muuzaji wa mtandaoni, mtalii aliyerudi kwao, mwenye duka anayewinda wateja. Huyo akikosea, kosa lake ndilo unaloletewa. Na yale maelezo marefu ya akili bandia yanayokaa juu ya ukurasa siku hizi huchotwa kisima hichohicho, basi msije kunisomea kwa sauti kana kwamba ni hati ya mahakama.

Kwa picha za Tingatinga balaa ni kubwa zaidi, maana aliyeandika "picha ya Tingatinga" mara nyingi alikuwa anataja mtindo, na wewe ukasoma mchoraji. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 upande wa Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, na mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi, akafa. Miaka minne hivi ya kazi, basi. Alitumia rangi za enameli, zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi, vingi vya mraba wa takriban sentimita 60 kwa 60. Mara nyingi ni mnyama mmoja au ndege, na nyuma yake hakuna vurugu.

Waliomfuata, kina January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Simon Mpata, waliushika mkono huo, na baada yao wakaja wachoraji wengi wa ushirika na wa vibanda vya pwani nzima. Wanyama wakaongezeka, mlima ukaingia, na turubai ikapendwa kwa sababu mtalii anaiviringisha na kuitia begini. Kwa hiyo twiga sita juu ya turubai si kazi ya marehemu, hata simu ilete matokeo mia. Inaweza kuwa kazi nzuri sana ya mtu mwingine, na huyo mtu naye ana jina linalostahili kutafutwa.

"Lakini ina saini yake." Saini yake imeghushiwa sana. "Lakini inafanana kabisa na iliyouzwa mnadani." Lazima ifanane, kwani chui yuleyule huchorwa na watu wengi, tena kwa makusudi. Ziweke picha mbili ubavu kwa ubavu, utafute vitu visivyopangwa: tone la rangi lililochuruzika, doa lililokosea mahali, saini inapoanzia. Hivyo vikilingana, hapo umeipata picha yenyewe. Visipolingana, umepata ndugu yake tu. Nimeona hata mashetani waliochorwa na George Lilanga, msanii mwingine wa Tanzania aliyeishi 1934 hadi 2005, wakiitwa tingatinga, na simu inakubali bila kusita.

Ushauri wangu ni uleule kila siku: geuza picha. Watu wanapiga picha upande wa mbele mpaka chaji inaisha, kumbe nyuma kuna lebo ya duka, mhuri, au jina limeandikwa kwa penseli. Kutafuta kwa picha ya mbele hakuwezi kukuonyesha hayo. Kama kuna kioo, kitoe, la sivyo unatafuta mng'ao wa dirisha na kivuli chako mwenyewe. Piga ukiwa umesimama sawasawa mbele yake, kata fremu na ukuta vibaki nje, kisha tafuta tena kwa kipande kimoja kimoja: saini peke yake, sura peke yake, jengo peke yake.

"Hakuna kilichotokea, basi ni ya pekee duniani." Hapana. Maana yake ni kwamba haikukutwa kwenye hazina ya programu hiyo. Kazi nyingi za wachoraji wetu hazijawahi kuwekwa mtandaoni, na hilo halikuongezei hata shilingi.

"Nimeshaangalia Google, inatosha." Haitoshi. Lenzi ya Google (Google Lens), ile programu yake ya kutafuta kwa picha, hukuletea kwa wingi vinavyofanana. TinEye, ya Canada, iliyoanza 2008, hutafuta nakala za picha ileile, hata iliyokatwa au kubadilishwa rangi. Tumia zote mbili. Ila tarehe ambayo TinEye inaiweka kwenye tokeo ni siku ilipoikuta picha mtandaoni. Kuna mteja alishikilia kwamba ndiyo tarehe ya kuchorwa, tukabishana mpaka adhana ya alasiri.

"Imeonekana ipo makumbusho, kumbe ninayo ya asili!" Kama inalingana na ya makumbusho mstari kwa mstari, ya kwako ni chapa, karibu mara zote. Chukua rula. Msichana mwenye hereni ya lulu, mchoro wa Mholanzi Vermeer ulioko makumbusho ya Mauritshuis mjini Den Haag, ana sentimita 44.5 kwa 39. Wako ana ngapi? Kisha weka lenzi ya kukuzia: ukiona vinukta vidogo vya rangi vimejipanga, ni mashine ya kuchapa.

Mahali ambapo kutafuta kwa picha kunanifurahisha ni kwenye michoro ya zamani ya misafara na wavumbuzi, inayouzwa kama "mchoro wa mkono". Mingi ni kurasa za vitabu na magazeti ya karne ya 19, kama The Illustrated London News lililoanza 1842. Maktaba zimezipiga picha kurasa nyingi za aina hiyo, kwa hiyo jibu mara nyingi huja haraka, pamoja na tarehe ya toleo. Rangi zilizomo mara nyingi zimepakwa baadaye. Na ukigeuza upande wa pili, unaweza kukuta nusu ya habari ya Bunge la Uingereza.