Kadi ya njano, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, haiishi muda baada ya miaka 10

Vijana wengi wa Dar wanaotaka kuzunguka nchi za jirani kwa lifti za malori kabla ya kuanza kazi huamini kuwa chanjo ya homa ya manjano hurudiwa kila miaka 10. Zamani ilikuwa hivyo. Tangu Julai 2016, kanuni za afya za kimataifa zinaitambua kadi hiyo maisha yote, hata ya zamani yenye tarehe ya mwisho. Inauma kuona nauli ikiishia kwenye sindano isiyohitajika.

Siku 10 ndizo za kuangalia: kadi mpya huanza kutambulika siku ya 10 baada ya kuchanjwa. Ukichanjwa Jumatatu na kupanda basi Mbezi Jumanne, mpakani unaweza kukwama.

Ifungue kadi yako: jina lifanane na la pasipoti, muhuri na saini viwepo. Masharti mengine yasome kwenye tovuti ya ubalozi wa nchi uendayo.