POST ni nini, na inakuonyeshaje ugonjwa wa kompyuta ya mezani iliyozeeka

POST, kifupi cha Power-On Self-Test, ni jaribio ambalo kompyuta hujifanyia yenyewe kila inapowashwa, kabla Windows au Linux haijaanza kupakiwa. Maelekezo yake yamehifadhiwa kwenye chipu ya BIOS, programu ya mwanzo inayoiamsha kompyuta, iliyo juu ya ubao mama, yaani madabodi. Hukagua kwa zamu: prosesa (ubongo wa kompyuta), BIOS yenyewe, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi), sehemu inayotoa picha, kisha kibodi na diski. Mambo yakiwa sawa, nembo hutokea kwenye skrini na mfumo endeshi unaanza. Yasipokuwa sawa, mashine husimama ilipokwama, na pale ilipokwama ndipo pa kuanzia kutafuta ubovu.

Nalisisitiza hili kwa sababu kompyuta nyingi za zamani hutengenezwa kwa kubahatisha, na inauma kuona pesa ya mtu inavyoteketea. Mwenye mashine anasema haiwaki, anauziwa RAM. Ikigoma, anauziwa pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta. Ikigoma tena, anaambiwa ubao umekufa anunue kompyuta nyingine. Njia nzima hakuna aliyeuliza swali la kwanza: imefika hatua gani?

Hatua ya mwanzo kabisa ni umeme. Ukibonyeza kitufe, ubao mama huiamuru pawa saplai iwake. Pawa saplai hutoa volti 12, 5 na 3.3, na zikishatulia hutuma ishara kwa ubao kwamba umeme uko tayari. Yote hayo huchukua chini ya sekunde moja. Ishara hiyo isipofika, prosesa haianzi kazi. Ndiyo maana feni zinaweza kuzunguka na taa zikawaka huku skrini ikibaki nyeusi. Feni ikizunguka, ujue umeme fulani unapita; haina maana kwamba umeme huo ni safi.

Kwa mashine iliyofanya kazi miaka kumi na zaidi, hapa ndipo ninapotazama kwanza. Ndani ya pawa saplai na juu ya ubao mama kuna kapasita, vile vikopo vidogo vya mviringo vinavyotuliza umeme. Aina iliyotumika sana ina kimiminika ndani, na kimiminika hicho hukauka polepole. Joto huharakisha: kwa makadirio ya wahandisi, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazopungua huongeza maisha ya kapasita karibu mara mbili. Fikiria basi kasha lililojaa vumbi, feni inayoburuza, ofisi isiyo na kiyoyozi. Zaidi ya hapo, ubao nyingi zilizotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi zilifungwa kapasita zenye kimiminika kibovu tangu kiwandani. Dell OptiPlex GX270 ni miongoni mwa zilizoathirika vibaya.

Uzuri ni kwamba kapasita ya ubao mama unaiona kwa macho. Chukua tochi, tazama vikopo vilivyopangwa karibu na prosesa. Juu ya kila kimoja kuna mikato yenye umbo la msalaba au herufi K. Kikiwa kizima, juu ni bapa kabisa. Kikiwa kimechoka, pamevimba kidogo, na wakati mwingine kuna ukoko wa kahawia umetoka kwenye mkato au chini kwenye miguu. Dalili yake nyingine ni mashine inayokataa asubuhi, ukiibonyeza mara tatu nne inakubali, halafu inashinda ikifanya kazi vizuri. Baada ya miezi kadhaa itakataa moja kwa moja.

Pawa saplai hupimwa kwa mita ya kupimia volti. Mashine ikiwa imewashwa, waya wa njano uonyeshe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Waya wa zambarau unapaswa kuwa na volti 5 hata kompyuta ikiwa imezimwa, mradi imechomekwa ukutani. Ukikosekana huo, kitufe cha kuwashia hakitafanya lolote. Rangi hizi ni za pawa saplai za kawaida za ATX, muundo unaotumika kwenye kompyuta nyingi za mezani. Baadhi ya mashine za ofisini za HP na Dell zina mpangilio wao, kwa hiyo soma kibandiko kwanza. Kuhusu kulifungua boksi la pawa saplai lenyewe, jibu langu ni usilifungue. Kwa umeme wetu wa volti 230 hadi 240, kapasita yake kubwa huhifadhi zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya.

Umeme ukiwa mzima na skrini bado ni nyeusi, punguza mashine ibaki na vitu vya lazima tu. Zima, chomoa waya wa ukutani, kisha ondoa diski, kadi zote za ziada, vifaa vya USB na RAM zote. Ibaki pawa saplai, ubao, prosesa na feni yake. Washa. Ikilia au taa yake ikamwekamweka kwa mpangilio maalumu, shukuru: prosesa inafanya kazi, BIOS inasomeka, ubao uko hai kiasi cha kulalamika kwamba haioni RAM. Sasa rudisha kijiti kimoja cha RAM, kwenye soketi moja, kisha soketi nyingine. Mara nyingi sana tatizo huwa ni uchafu kwenye meno ya dhahabu ya kijiti. Yasugue taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa, rudisha hadi vishikizo vya pembeni vijifunge. Ikiwa kimya kabisa bila RAM, mshukiwa ni ubao, prosesa au pawa saplai, na hakuna sababu ya mtu kukuuzia RAM siku hiyo.

Milio hiyo hutofautiana kwa mtengenezaji wa BIOS. Kwenye IBM PC ya mwaka 1981 mlio mmoja mfupi ulimaanisha salama, na desturi hiyo ilienea. Kwenye HP Compaq za ofisini kama dc7800, taa nyekundu ikimweka mara 2 ni joto la prosesa, mara 4 ni pawa saplai, mara 5 ni RAM, mara 6 ni picha. Dell OptiPlex za enzi hizo zina taa nne mbele zenye namba 1 hadi 4, na mchanganyiko wa taa zinazowaka ndio unaotaja ugonjwa. Kama ubao wako hauna spika ndogo ya kulia, nunua moja uichomeke. Ni ya bei ndogo.

Mashine ikivuka POST na kukwambia haioni diski ya kuwashia, usiguse tena RAM wala prosesa. Sasa unashughulika na diski, kebo yake, au mipangilio ya BIOS. Hapa kuna mtego mmoja unaowaumiza watu. Betri ya saa, ile CR2032 bapa ya volti 3, ikifa, BIOS husahau mipangilio kila umeme unapokatika. Tarehe hurudi nyuma miaka mingi na tovuti huanza kukataa kufunguka. Baya zaidi, namna ya kusoma diski inaweza kurudi ilivyotoka kiwandani, na Windows ikaishia kwenye skrini ya bluu yenye msimbo 0x0000007B. Mtu anaambiwa diski imekufa, au Windows inapigwa upya na faili zake zinapotea, wakati kilichohitajika ni betri mpya na kurudisha mpangilio mmoja wa SATA, yaani njia inayounganisha diski na ubao.

POST ina mipaka yake pia. Ni ukaguzi wa haraka, kwa hiyo RAM yenye kasoro ndogo hupita bila kugunduliwa, kisha kompyuta ikaganda katikati ya kazi. Hiyo ipime kwa MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi, uiache usiku kucha, kijiti kimoja kimoja ukiona kosa. Diski nayo hupita POST ilhali inakufa. Soma taarifa zake za SMART, yaani rekodi ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake: namba 5 ni sehemu zilizokwisha kuhamishwa kwa ubovu, 197 ni zinazosubiri kuamuliwa, 199 ni makosa ya mawasiliano ambayo mara nyingi hutokana na kebo. Ikipanda 199 peke yake, badilisha kebo ya SATA kwanza. Ikipanda 197, acha majaribio yote mengine, usiendelee kuwasha na kuzima mashine, nakili faili zako kwenye diski nyingine saa hiyohiyo, ukianza na zile ambazo huwezi kuzipata tena popote.