Wheatstone: fundi wa ala za muziki aliyeingia kwenye telegrafu

Mwalimu wa fizikia akitaja jina la Charles Wheatstone, atachora lile daraja la kupimia ukinzani (saketi ya nyaya inayoonyesha kitu kinazuia umeme kiasi gani), basi. Naona tunampunja. Kwanza, daraja lenyewe lilibuniwa na Samuel Hunter Christie mwaka 1833. Wheatstone alilieneza tu, na alisema hivyo waziwazi. Pili, bwana huyu alikuwa mtu wa muziki kabla hajagusa waya wa umeme.

Alizaliwa mwaka 1802 karibu na Gloucester, Uingereza, katika ukoo wa watengenezaji wa ala za muziki. Akiwa na miaka 15 alitunga nyimbo mbili, na wimbo mmoja, ami yake aliuchapisha bila kujua mtunzi ni nani.

Mwaka 1821, jijini London, alining'iniza kinubi kutoka darini. Kikawa kinapiga muziki na hakuna aliyekigusa! Siri ilikuwa chumba cha juu: huko ala zilipigwa, na ufito mwembamba wa chuma uliopenya dari ukashusha mtetemo hadi kwenye ubao wa kinubi. Swali la sauti isafirishwe umbali gani halikumtoka tena. Ila mtetemo hufifia njiani. Umeme ukampa njia nyingine.

Mwaka 1837, yeye na William Fothergill Cooke walipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya telegrafu ya sindano tano, mtambo wa kutuma ujumbe kwa umeme kupitia waya. Sindano mbili ziliinama, na pale mielekeo yao ilipokutana ndipo penye herufi. Karani hakuhitaji kukariri alama zozote. Kasoro yake ni kwamba herufi zilikuwa 20 tu. Januari 1845, mtuhumiwa wa mauaji John Tawell alipanda treni ya London katika kituo cha Slough akiwa na mavazi ya Kiquaker (Waquaker ni dhehebu la Kikristo), na maelezo yake yakatumwa kwa telegrafu. Mtambo wa pale nao haukuwa na Q, hivyo karani akatuma "KWAKER". Kituo cha Paddington, London, walielewa, mtu akafuatwa, na kesho yake akakamatwa. Magazeti yalishiba habari hiyo.

Baadaye Wheatstone alitengeneza mtambo uliosoma utepe wa karatasi wenye matundu na kutuma haraka kuliko mkono wa karani. Posta ya Uingereza iliutumia sana kupeleka habari za magazeti.

Muziki hakuuacha. Mwaka 1844 alipata hataza ya konsatina, kinanda kidogo cha mivuo chenye umbo la pande sita. Noti za skeli (zile do, re, mi) hupokezana mikono: moja kushoto, inayofuata kulia. Mpiga kodiani wa taarabu akikishika mara ya kwanza, vidole vitampotea.