Gesi ya kiyoyozi cha gari haiishi kama petroli

Gari la zamani likiacha kutoa ubaridi, jibu la haraka huwa "ongeza gesi". Imani hii imekaa miaka mingi, nayo inaharibu kompresa (pampu inayosukuma gesi) nyingi. Gesi huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Haichomwi wala hailiwi. Ni kweli mipira ya mabomba yaliyozeeka hupitisha kidogo sana kwa miaka, lakini ikipungua upesi, pana mvujo, na mvujo huzibwa kwanza.

Wakati mwingine gesi ipo, umeme ndio haufiki. Washa kiyoyozi injini ikiunguruma, usikilize: klachi ya kompresa (sehemu ya sumaku inayoiunganisha na injini) inanasa kwa mlio mfupi? Isiponasa, pima presha kwa geji, maana gesi ikipungua mno swichi ya presha hukata umeme makusudi ili kuilinda kompresa. Presha ikiwa sawa, fuata fyuzi, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), kisha pima kwenye plagi ya klachi. Zikifika volti 12 au zaidi na bado hainasi, kagua waya wa hasi (kutu hupenda sana kujificha hapo) au koili yenyewe (waya uliosokotwa unaotengeneza sumaku ya klachi).

Kuongeza gesi juu ya gesi hupandisha presha, na ubaridi hupungua zaidi.