Si kila mhamiaji huanzia katikati ya jiji

Wengi wetu tunaamini mhamiaji mpya hufikia katikati ya jiji, hubanana kwenye vyumba vya kupanga, na akishajipata ndipo huhamia pembezoni. Huenda zamani ilikuwa hivyo. Siku hizi wengi wakishuka kwenye ndege huenda moja kwa moja kitongojini, kwa ndugu aliyetangulia.

Tazama Brampton, nje kidogo ya Toronto, Kanada. Sensa ya 2016 ilihesabu wakazi 593,638. Ya 2021 ikakuta 656,480, na zaidi ya nusu yao ni wahamiaji.

Kosa hili lina gharama, maana anayedhani wa kitongojini "wameshajipata" hupeleka huduma kwingine. Masomo ya Kiingereza, kwa mfano, serikali ya Kanada huyagharamia kwa wakazi wa kudumu na wakimbizi waliokubaliwa. Bure kabisa. Ila vitongoji hivi vilijengwa kwa ajili ya wenye magari. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, akingoja basi la pili kwenye theluji, hiyo bure anailipia kwa njia nyingine. Naye aliyetoka zamu ya usiku ghalani (maghala yamejaa huko, uwanja wa ndege wa Pearson uko jirani) saa tatu asubuhi anasinzia juu ya daftari, halafu anaitwa mvivu.

Kwa hiyo kabla ya kuongeza vipeperushi vya kutangaza masomo hayo, ningeuliza: darasa liko umbali gani, linaanza saa ngapi, na watoto atabaki nao nani?