Mashine haioni sumu

Mzee mmoja anayetaka kununua ploti upande wa Nyalenda, Kisumu, alinipigia simu. Zamani palikuwa na gereji, na majirani wanasema kuna tangi lililofukiwa. "Kijana wangu, hiyo mashine yako itanionyesha sumu iko wapi?"

Hapana, mzee. Itanionyesha umeme unapita wapi ardhini kwa urahisi na unakwama wapi. Sumu ni kazi ya maabara.

Tunapigilia vigingi vya chuma kwenye mstari; viwili vinapeleka umeme ardhini, vingine viwili vinapima volti. Mstari wa mita 100 huniletea habari za mita 15 hadi 20 hivi kwenda chini. Chukua mfano wa jalala: maji yanayochuja kutoka humo yana chumvi nyingi, kwa hiyo yakifika mahali, ukinzani wa umeme, yaani jinsi ardhi inavyouzuia, hushuka. Nakuru, kwenye majivu makavu ya volkano, mshuko huo hujitokeza waziwazi, mradi umwagie vigingi maji ya chumvi ili vishike. Kisumu ni habari nyingine. Ule udongo mweusi, ambao mvua ikinyesha unakuvua viatu, hupitisha umeme wenyewe hata pasipowahi kutupwa taka. Asiyejua atauita uchafu. Ndiyo maana naanza na mstari mmoja wa kulinganisha kwenye ardhi safi, upande wa juu wa mteremko. Rada ya ardhini sikuitoa hata garini: udongo huo ukilowa huyameza mawimbi yake kabla ya kufika mita moja.

Petroli ndiyo yenye vituko. Ikiwa mbichi huzuia umeme. Ikikaa miaka, bakteria huila, hutoa asidi, asidi huyeyusha madini ya udongo, na pale palipokuwa pakizuia panaanza kupitisha. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mzee halikuwa la ramani. Nilimuuliza gereji ilifungwa lini.

Tangi nililitafuta kwa kipima sumaku. Asubuhi nzima tuliirudia, kwa sababu msaidizi wangu alivaa buti zenye chuma puani. Uzio wa mabati nao ulituharibia kingo zote za ploti.

Mwishowe nilipata alama mbili, moja karibu na geti, nyingine nyuma ya choo cha zamani. Nikaomba mashimo matatu ya kutoa sampuli. Mzee akahesabu, akauliza la tatu ni la nini. Nikamwambia ni la pale ambapo mashine haikuona kitu. Alilipia mawili, la tatu nilijigharamia mwenyewe.